Shule Hii Ilijengwa na Nani?

Hoja: Shule ya darasani, kama tunavyoijua Beni, Butembo na hapa Kasindi, mashariki mwa Kongo, ililetwa ili tutawaliwe, au ni kitu tulichokitafuta wenyewe?

MAMA MFANYABIASHARA: Nina watoto wawili wanaosoma. Mkubwa anavuka daraja la Lubiriha kila asubuhi kwenda Bwera, upande wa Uganda. Mdogo anasomea hapa hapa Kasindi. Saa ya Bwera iko mbele ya yetu kwa saa nzima: kengele ya kule ikilia saa mbili, huku kwetu ni saa moja tu. Kwa hiyo mkubwa namwamsha kungali giza, mdogo namwacha alale kidogo. Nyumba moja, saa mbili tofauti, shule mbili, lugha mbili ambazo bibi yangu hakuijua hata moja. Nataka Mwalimu na Asista waniambie: kama shule ni kitu chetu, mbona tunaamka usiku kuifuata ng'ambo?

ASISTA WA HISTORIA: Kwa sababu haikuzaliwa kwetu, Mama. Tuanzie kwenye karatasi. Mwaka 1890, nchi hii ikiwa bado mali ya mfalme Leopold wa Pili, serikali yake ilitoa amri ya kukusanya watoto yatima na waliotolewa mikononi mwa wauza watumwa, wawekwe katika makambi ya shule. Wengi walikusudiwa kuwa askari wa Force Publique au wafanyakazi wa serikali. Kisha Mei 1906 Leopold akaandikiana mkataba na Vatikani. Kila misheni ya Kikatoliki ipewe hekta 100 hadi 200 za ardhi nzuri, iwe yake daima, nayo ifungue shule. Programu ipelekwe kwa Gavana Mkuu. Kilimo na kazi za mikono viwemo. Lugha za Ubelgiji ziwemo. Ukitafuta humo neno moja linalomhusu mzazi, hulioni. Shule ilikuwa bei ya shamba.

MWALIMU MSTAAFU: Karatasi hiyo naijua, mwanangu, na sikatai hata mstari wake. Lakini umetufikisha 1906, mimi narudi 1896. Mwaka huo Apolo Kivebulaya, Mganda, mweusi kama mimi na wewe, alitoka Toro akapita Ruwenzori na bonde la Semliki hadi Mboga, ambayo leo iko Ituri. Hakuwa na hekta wala mkataba. Chifu Tabaro aliamuru apigwe, na baadaye Tabaro yule yule akaja kubatizwa. Alichofundisha Apolo ni nini? Kusoma. Kwa Waganda wa wakati ule neno la kusoma na neno la kusali lilikuwa moja. Msomi ndiye aliyeingia dini. Hata sisi mpaka leo tunasema padri anasoma misa. Herufi zilifika kwenye milima hii kwa miguu ya Mwafrika, kabla Leopold hajamaliza kupima mashamba yake.

ASISTA WA HISTORIA: Apolo namheshimu, Mwalimu. Lakini alikuja na kitabu kimoja, na aliyekubali kitabu alitakiwa kuacha mengine yote. Kabla yake Wanande walikuwa na namna zao za kufundisha. Kulikuwa na olusumba, vijana wanapelekwa msituni kutahiriwa na kufundwa: uvumilivu, mipaka ya mashamba, nani ni ndugu wa nani, nini hakiguswi. Kulikuwa na kyaghanda, moto wa jioni, wazee wanakata kesi na vijana wanasikiliza mpaka wanajua sheria bila kuambiwa kwamba sasa wanafundishwa. Na kule Maniema, Kasongo, kulikuwa na vyuo vya Kurani vya Waungwana, watoto wanaandika alifu na be kwenye mbao. Shule ya misheni haikujenga juu ya hayo. Ilisema ni giza.

MWALIMU MSTAAFU: Ilisema hivyo, na ilikosea. Ila na wewe usiyapake asali. Olusumba ilikuwa ya wavulana. Kyaghanda hakikuwa na kiti cha msichana. Na vile vyuo vya Maniema vilikuja pamoja na watu waliochoma vijiji. Humu mwetu wazee walitusimulia kukimbia, hawakutusimulia Kurani. Halafu jambo moja ambalo wewe mtu wa karatasi unalijua: Bulamatari, yaani serikali ya mkoloni, alipokuja kuchukua ardhi, alichukua kwa maandishi. Mzee aliyejua mipaka yote kwa kichwa alisimama mbele ya kalani, akaambiwa weka kidole hapa. Akaweka. Baba yangu alikuwepo akiwa mtoto mdogo. Alisema siku ile ndiyo aliyoapa kwamba yeye atajua kilichoandikwa.

MAMA MFANYABIASHARA: Mwalimu, hapo kwenye msichana usipite haraka. Bibi yangu alisomea kwa masista. Miaka mitatu. Unajua alitoka na nini? Kushona, kufua, katekisimu, na kusoma kidogo kwa Kiswahili. Kalamu aliishika mara chache kuliko sindano. Aliporudi nyumbani wakasema amesoma, ameelimika, mahari ikapanda. Mama yangu naye hakufika hata huko. Mtu wa kwanza katika ukoo wetu wa kike kusaini karatasi ya forodha bila kuweka kidole ni mimi.

ASISTA WA HISTORIA: Na hiyo haikuwa ajali. Wasichana walipangiwa hivyo. Programu ya 1948 ndiyo iliyoanza kuwafikiria kidogo, na hata hapo lengo kubwa lilikuwa kumpata mke anayemfaa évolué, mtu mweusi aliyevaa tai.

MAMA MFANYABIASHARA: Basi mimi nikisikia "tuliitafuta wenyewe", nauliza: sisi gani?

MWALIMU MSTAAFU: Swali lako ni la haki, Mama. Siwezi kulijibu kwa niaba ya bibi yako. Ninachoweza kusema ni nilichosimuliwa na wazee na nilichokiona kwa macho. Mapadri wa Assomption walifika Beni mwaka 1929. Kwanza walikuwa wachache, watu wa kuhesabika kwa vidole, na nchi hii ni milima juu ya milima. Unadhani ni wao waliosimama mbele ya watoto Lubero, Mulo, Mbau, na huku bondeni? Ni makatekista. Watu wetu. Kibanda cha majani, asubuhi ni darasa, Jumapili ni kanisa. Katekista alijua herufi miezi michache tu kabla ya wanafunzi wake, akawafundisha alichokijua jana. Nilianza kazi mwaka 1971 katika jengo la namna hiyo hiyo. Kengele ilikuwa ringi la lori lililoning'inizwa kwenye mparachichi, tunaligonga kwa chuma. Ubao ukichujuka, watoto wanaleta betri zilizokufa za redio, tunazipasua, tunasaga ule unga mweusi, tunauchanganya na majani ya viazi yaliyopondwa, tunapaka Jumamosi ili Jumatatu uwe umekauka. Hakuna Leopold aliyenifundisha kutengeneza ubao. Niliwakuta wazazi wanafanya.

ASISTA WA HISTORIA: Hiyo inanigusa, Mwalimu, lakini inathibitisha upande wangu. Serikali ilitaka shule, haikutaka kuilipia. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikasifu elimu ya kilimo na kazi za mikono kwa Mwafrika. Miaka ya 1925 na 1926 ukaja mpango wa De Jonghe: serikali itatoa ruzuku kwa misheni zilizoitwa za kitaifa, maana yake za Wabelgiji, na karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Waprotestanti walikaa nje ya mfuko huo mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Miaka 20 mtoto wa Mprotestanti alisomea kwa sadaka, kwa sababu mchungaji wake mzungu alitoka Marekani au Uingereza badala ya Ubelgiji. Shule ya kumjenga mtoto isingeuliza pasipoti ya mmisionari.

MCHUNGAJI: Naomba nidakie hapo, kwa sababu ni habari ya kanisa letu na mara nyingi inasimuliwa nusu. Sisi Wabatisti wa Butembo tumetokana na misheni ya Paul Hurlburt, Mmarekani, aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1920, na Katwa ikawa kituo kikubwa. Ni kweli serikali ilitubagua. Lakini ruzuku ilipofunguliwa kwa Waprotestanti, nani aliikataa? Wamisionari wetu wenyewe. Walisema kazi yao ni kuhubiri Injili, si kuendesha shule kwa pesa za serikali. Waumini wakaona watoto wa Wakatoliki wanapanda, wanakuwa waalimu wenye diploma, waganga wasaidizi, makalani, na wao wanabaki na Biblia na darasa la chini. Wakadai shule. Wakadai kwa barua, kwa mikutano, na baada ya uhuru kwa kupasuka. Kanisa liligawanyika pande mbili, ndugu wakagombania majengo, damu ikamwagika. Mizizi ya ugomvi ule ilikuwa mingi, ila shule ilikuwa mzizi mnene. Asista, hapo mzungu alikuwa anavuta breki, na mkulima wa Kinande ndiye anayesukuma. Leo kanisa letu, CBCA, lina shule kila kona ya Kivu ya Kaskazini. Hazikuletwa na mtu. Tuliziumia.

ASISTA WA HISTORIA: Mchungaji, hapo nakubali, na nakubali bila kuzunguka. Nikisema shule ilishushwa tu kutoka juu, nawafuta wale watu. Lakini niruhusu niulize walichokuwa wanakitamani. Walitamani mlango wa kutoka. Mwenye kusoma hakupigwa fimbo kwa urahisi, hakulazimishwa kulima pamba na mabarabara, alilipwa mshahara. Ukimfungia mtu ndani ya nyumba yenye mlango mmoja, kisha akaukimbilia mlango huo, huwezi kusema ameupenda ufundi wa seremala.

MCHUNGAJI: Hata hivyo aliupita, na alipofika nje alirudi kuwafungulia wengine.

ASISTA WA HISTORIA: Wangapi? Tazama 30 Juni 1960. Wabelgiji walijivunia shule za msingi nyingi kuliko jirani zao wengi. Lakini Wakongo wenye digrii ya chuo kikuu siku ya uhuru hawakufika 30 katika nchi nzima. Lovanium ilifunguliwa 1954, shule za serikali zisizo za dini zikaja mwaka huo huo chini ya waziri Buisseret, yote dakika za mwisho. Msingi mpana, paa hakuna. Nyumba kama hiyo haijaachwa bila paa kwa kusahau. Mjenzi hakutaka mtu asimame juu.

MWALIMU MSTAAFU: Nenda basi Ulaya yenyewe ukaone kama shule ilizaliwa tofauti. Prussia, mwaka 1763, mfalme Frederick aliamuru watoto wote wa vijijini wasome, na baadhi ya walimu walikuwa askari wake walioumia vitani. Alitaka nini? Raia watiifu. Ufaransa ilifanya shule kuwa lazima mwaka 1882, na mtoto wa Bretagne aliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake. Ubelgiji, huyo huyo bwana wetu, ilipitisha sheria ya shule ya lazima mwaka 1914 tu! Alipokuwa akituletea mkataba wa 1906, mtoto wa maskini kwao alikuwa bado kiwandani. Nenda nyuma zaidi, kwenye vibao vya udongo vya Wasumeri, miaka 4,000 iliyopita: utamkuta mwanafunzi anaogopa fimbo kwa kuchelewa. Shule kila mahali imezaliwa mikononi mwa mfalme na kuhani. Watu wa chini ndio walioigeuza, polepole, kizazi baada ya kizazi. Kwa nini sisi peke yetu tuone aibu?

ASISTA WA HISTORIA: Kwa sababu mtoto wa Bretagne alipigwa ili awe Mfaransa kamili, na siku moja angeweza kuwa waziri. Wa kwetu alipigwa ili awe nusu ya kitu ambacho hangeruhusiwa kukimaliza. Na umetaja lugha, Mwalimu. Umewahi kutuambia kuhusu kile kipande cha mbao.

MWALIMU MSTAAFU: Nimewahi. Mimi mwanafunzi, darasa la tano. Kibao kidogo kama sanduku la kiberiti, kimetobolewa, kamba ya mkonge. Ukisema neno la Kinande uwanjani unavalishwa shingoni. Unakivaa mpaka umkamate mwingine. Jioni aliyenacho anachota maji mtoni kwa nyumba za walimu. Nilikivaa siku tatu mfululizo kwa sababu sikutaka kumsaliti rafiki yangu. Siku ya nne nilimsaliti. Nimefundisha miaka 38 na sikumvalisha mtoto kitu kile, hata mara moja.

MAMA MFANYABIASHARA: Pole, Mwalimu.

MWALIMU MSTAAFU: Asante, Mama. Ila sikilizeni na upande huu. Shule za kwanza humu hazikufundisha Kifaransa. Zilifundisha kwa Kinande na kwa Kiswahili; vitabu vya katekisimu na vya hesabu vilikuwa kwa lugha hizo. Kifaransa kiligawiwa kwa kijiko, kwa wachache waliochaguliwa. Waliodai Kifaransa kwa wote ni watu weusi wenyewe, kwa sababu walitambua kwamba Mbelgiji anakificha. Alipotufundisha kwa lugha zetu tulisema anatubania. Alipotufundisha kwa yake tukasema anatufuta. Yote mawili yalikuwa kweli.

ASISTA WA HISTORIA: Na sasa sheria ya 2014 inasema mtoto aanze kwa lugha ya taifa au ya mazingira yake. Kiswahili ni lugha ya taifa kwenye ibara ya kwanza ya Katiba. Lakini ukiingia katika darasa la kwanza la mjini unamkuta mwalimu anasomesha kwa Kifaransa ambacho naye anakipapasa, na mzazi anafurahi.

MAMA MFANYABIASHARA: Ananilenga mimi. Sawa. Mimi nimechagua Kiingereza kwa mkubwa. Mzigo wangu unatoka Kampala, unapita mpakani Mpondwe. Karatasi ni za Kiingereza upande ule, za Kifaransa upande huu. Katikati ya daraja pale, anayejua lugha moja anamlipa anayejua mbili. Nimelipa miaka 15, na mwanangu sitaki alipe. Ningependa asome kwa Kiswahili? Ningependa. Siku forodha itakapoandika kwa Kiswahili nitakuwa wa kwanza kumrudisha.

MCHUNGAJI: Mama amesema jambo ambalo wazee wetu walilisema kwa maneno mengine mwaka 1960.

ASISTA WA HISTORIA: Amesema, na ndicho kinachoniuma. Miaka zaidi ya 60, sababu haijabadilika.

MWALIMU MSTAAFU: Sasa tufike penye kisa chenyewe, kwa sababu mnaongea kana kwamba historia ya shule iliishia kwa Mbelgiji. Mwisho wa 1974 Mobutu alizitaifisha shule zote. Misalaba ikashushwa ukutani. Somo la dini likaondolewa, tukapewa mafundisho ya chama. Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Direktere alituita akasema: kuanzia leo shule ni ya serikali. Tukapiga makofi, kama ilivyotakiwa. Mvua za Machi zikaezua bati la darasa la nne. Tuliandika barua zone, tukaandika mkoani. Hakuna aliyekuja. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ikasaini mkataba na makanisa, ikarudisha uendeshaji: hizi shule za mkataba tunazozijua mpaka leo, za Kikatoliki, Kiprotestanti, Kikimbangu, na baadaye za Kiislamu. Lakini bati la darasa la nne halikurudishwa na mkataba. Lilirudishwa na wazazi, kwa salongo, kazi ya pamoja, Jumamosi mbili. Na miaka ya mwanzo ya 1990 mishahara ilipokufa kabisa, mshahara wa mwezi ukawa haununui hata kilo chache za maharage, wazazi na maaskofu wakakubaliana: mzazi atalipa prime ili mwalimu asikimbie. Ikatakiwa iwe kwa muda mfupi. Ilidumu mpaka 2019. Zaidi ya miaka 25, Asista, mshahara wa mwalimu ulitoka kwenye mihogo, chumvi na samaki wa Vitshumbi. Chuo chako pale Butembo, Graben, kilianzishwa mwaka 1989, enzi za Askofu Kataliko, serikali ikiwa hoi. Usiniambie shule hii ni ya Leopold. Leopold alilipa mara moja, kwa ardhi yetu. Wazazi wamelipa kila mwezi.

MCHUNGAJI: Amina.

ASISTA WA HISTORIA: Mchungaji, usiseme amina haraka. Mwalimu, nani hakulipa?

MWALIMU MSTAAFU: Unasema?

ASISTA WA HISTORIA: Nauliza nani hakulipa. Kama shule ni ya aliyelipa, basi asiyelipa hana shule. Hesabu yako inamweka nje mtoto wa mjane. Ndiyo maana ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ya bure, na miaka 13 ikapita kabla ya mtu kuthubutu kuitekeleza. Septemba 2019 milango ilipofunguliwa, watoto walifurika. Walikuwa wapi hao? Walikuwa nyumbani, Mwalimu. Wakati tunasifu mihogo na samaki, wao walikuwa wanachunga mbuzi wa wale waliolipa.

MAMA MFANYABIASHARA: Mimi enzi zangu nilikuwa kama wao.

MWALIMU MSTAAFU: Wewe, Mama?

MAMA MFANYABIASHARA: Darasa la sita, mwaka wa mtihani wa kumaliza. Sitataja shule. Kila Jumatatu direktere anaingia na daftari, anasoma majina ya wasiomaliza minervali, yaani karo, na prime. Jina langu lilikuwa la nne. Unasimama, unakusanya daftari zako, unapita katikati ya madawati wote wakikutazama, unakwenda nyumbani. Mwalimu wa darasa hakuinua kichwa. Sasa naelewa kwamba alikuwa na njaa, pesa ile ilikuwa chakula chake. Wakati ule sikuelewa. Mara tatu baba aliuza kitu nikarudi. Mara ya nne hakikuwepo cha kuuza. Kaka yangu alibaki darasani. Mimi nilianza kuuza ndizi kwenye barabara ya kwenda mpakani.

MWALIMU MSTAAFU: Na mimi nimesoma daftari lile. Sikuwa direktere wako, lakini nimelisoma, mwaka hadi mwaka. Mama, majina mengine bado nayakumbuka.

ASISTA WA HISTORIA: Ndiyo maana nasema elimu ya bure ndiyo mara ya kwanza shule imekuwa yetu sote. Kabla ya hapo ilikuwa ya misheni, ikawa ya chama, ikawa ya wenye uwezo.

MAMA MFANYABIASHARA: Polepole, mdogo wangu. Nimesimulia yangu, haina maana nimehamia upande wako. Mtoto wangu mdogo yuko kwenye hiyo bure. Darasa lao lina watoto zaidi ya 90. Anakaa sakafuni siku ya Jumatatu na Jumanne, siku nyingine kwenye dawati, wanapokezana. Mwalimu wao ni NP, asiyelipwa. Anasubiri jina lake liingie kwenye orodha ya Kinshasa, na hana ruhusa ya kupokea chochote kwetu. Anakula nini? Zamani nilikuwa naweza kwenda kumuuliza direktere pesa yangu imefanya nini. Sasa nikienda ananiambia, Mama, hujalipa kitu. Kinywa changu kimefungwa na hiyo bure. Sijui kama hiyo ndiyo kuwa yetu.

ASISTA WA HISTORIA: Kosa hilo ni la wanaopaswa kulipa huko juu. Haki yenyewe haina kosa.

MAMA MFANYABIASHARA: Mtoto anakaa sakafuni kwa haki.

MCHUNGAJI: Na tusisahau kwamba tunajadili shule mahali ambapo shule yenyewe imekuwa hatari. Juni 2023, hapo ng'ambo tu, waasi wa ADF waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wengine wakiwa wamelala bwenini. Januari ya mwaka huo huo bomu lilikuwa limelipuka kanisani hapa Kasindi, watu wakiwa kwenye ubatizo. Na tangu 2014 vijiji vingapi vya Beni vimehamia mjini na madarasa yao? Shule mbili chini ya paa moja, wenyeji asubuhi, wakimbizi mchana.

MAMA MFANYABIASHARA: Baada ya Lhubiriha nilimzuia mkubwa nyumbani wiki tatu. Wiki ya nne aliamka mwenyewe. Nilisikia maji yanamwagika uani, nikatoka, nikamkuta amevaa sare, anafunga viatu gizani. Hakuniomba ruhusa. Alisema tu, Mama, saa yao imefika.

MWALIMU MSTAAFU: Unaona, Asista? Huyo hakutumwa na mtu.

ASISTA WA HISTORIA: Naona. Na naona pia kwamba mtoto wa miaka 14 hapaswi kuwa jasiri hivyo ili ajifunze hesabu.

MWALIMU MSTAAFU: Hapo hatugombani.

MAMA MFANYABIASHARA: Basi tugombane kuhusu Jumamosi. Kamati ya wazazi ya shule ya huyu mdogo imeita salongo. Upepo umechukua bati tisa za darasa la tatu. Kila mzazi alete bati moja au pesa yake, na mawe ya msingi wa choo. Asista, wewe una mtoto pale.

ASISTA WA HISTORIA: Ninaye. Na sheria inakataza kumtoza mzazi wa shule ya msingi. Tukianza na bati, mwakani ni chaki, mwaka unaofuata ni prime, na daftari la Jumatatu litarudi.

MWALIMU MSTAAFU: Na tusipoanza na bati, mvua inaanza.

MAMA MFANYABIASHARA: Hakuna atakayetozwa. Asiye na bati atabeba mawe.

ASISTA WA HISTORIA: Na yule mama aliyekimbia kutoka Mbau, anayelima kibarua kwa siku ili watoto wale usiku? Jumamosi asipolima hawali. Huyo atabeba nini?

MCHUNGAJI: Tutambebea.

ASISTA WA HISTORIA: Mwaka huu. Na jina lake litaandikwa wapi, Mchungaji? Upande wa waliojenga, au upande wa waliojengewa?

MAMA MFANYABIASHARA: Huyo sina jibu lake. Binti yake namjua. Yuko darasa la tatu, anakaa sakafuni, upande ule ule uliopoteza bati.